Nani Aliiba Kofia za Kikamba?

Wasee wa Kitui na Makueni, mshawahi kufungua faili ya Kikamba mkapata "mũndũ" amegeuka "mÅ©ndÅ©"? Hiyo si virusi. Na ukiambiwa ati lugha zetu ndizo ngumu kwa kompyuta, kataa.

Kikamba kina irabu saba: tano kama za Kiswahili, halafu mbili zenye kofia, ĩ na ũ. Kompyuta nayo haijui herufi, inajua namba tu. ASCII ya Marekani, 1963, ilikuwa na nafasi 128, na herufi zake ni zile za Kiingereza. Mwaka 1987 ikaja ISO 8859-1 ya Ulaya Magharibi. Mreno akapata ã na õ, Mhispania akapata ñ. Sisi? Zii. Na Krapf alikuwa ameshachapisha Injili ya Marko kwa Kikamba tangu 1850!

Sasa hapa ndipo huwa nashika kichwa. Mwaka 1988 ISO 8859-4 ilitoka ikiwa na ĩ na ũ zote mbili. Haikuwa yetu, ilikuwa ya watu wa Baltiki, Wasami na Greenland. Greenland walikuwa na kofia hizo kwa tahajia yao ya zamani, na walishaiacha 1973. Yaani herufi tulizozihitaji kila siku zilitengewa nafasi kwa sababu ya watu waliokuwa wameshazitupa. Mtu asiniambie shida ilikuwa ufundi.

Unicode ilizipa namba zake 1991. Mwaka uliofuata Ken Thompson na Rob Pike wakabuni UTF-8, ambayo huandika ĩ kwa baiti mbili, C4 na A9. Programu inayosoma kwa jedwali la kale la Windows-1252 hudhani hizo ni herufi mbili tofauti: Ä na ©. Ndio maana Ngũgĩ huonekana "NgÅ©gÄ©". Ni Mkikuyu, lakini kofia ni zilezile.

Kama faili ilishahifadhiwa hivyo, fungua terminali ya Linux:

iconv -f UTF-8 -t WINDOWS-1252 mbovu.txt > safi.txt

Inakaa kinyume, najua. Lakini unarudisha zile baiti asili, na zenyewe tayari ni UTF-8 sawa. Usiandike jina moja la faili pande zote mbili, utafuta kila kitu. Na usije ukabadilisha faili safi kwenda ISO-8859-1 kwa kutumia -c: kila herufi isiyo na nafasi huko inatupwa kimyakimya, na mũndũ anabaki "mnd".