Baruti Moja, Maana Mbili: Historia na Istilahi za Bunduki ya Mitutu Miwili

Mfasiri mmoja alituletea tafsiri yake ya maelezo ya Kiingereza juu ya kukagua na kutengeneza nyumbani bunduki kuukuu ya mitutu miwili. Kiswahili chake kilikuwa safi. Hata hivyo, mahali patatu neno moja lilibeba maana mbili, na kila mahali kosa hilo lingeweza kumpotezea mtu mkono. Makala hii inakusudia kuonyesha kwamba asili ya kosa hilo si uzembe wa mfasiri, bali ni historia.

Msamiati wetu wa silaha ulikuja na jahazi. Risasi ni jina la Kiarabu la madini yenyewe. Kasiba ni tete, kitu chenye uwazi ndani. Bunduki hutokana na jina la kokwa, kwa mfano wa kitufe kilichorushwa. Waswahili nao waliuita mzinga wa vita kwa jina la mzinga wa nyuki. Gobori lilishindiliwa kwa mdeki kupitia mdomoni, na kila tendo lilikuwa na neno lake. Kisha Mkataba Mkuu wa Brussels wa mwaka 1890 ukazuia silaha mpya kuingizwa katika sehemu kubwa ya Afrika, ukaruhusu bunduki za gumegume na baruti ya kawaida ya biashara. Lugha ikabaki na gobori.

Huko Ulaya mambo yalikuwa yamekwisha kubadilika. Katika miaka ya 1830 Casimir Lefaucheux wa Paris alitengeneza bunduki inayokunjuka na kujazwa kwa nyuma. Mwaka 1875 mafundi Anson na Deeley wa Birmingham waliificha mitambo ya kufyatulia ndani ya mwili wa bunduki. Mwaka 1884 Mfaransa Paul Vieille aligundua baruti isiyo na moshi iliyofaa bunduki za jeshi.

Hapa ndipo penye kosa la kwanza. Baruti nyeusi ni mchanganyiko wa shura, makaa na kiberiti. Ile isiyo na moshi hutokana na nyuzi kama za pamba zilizotiwa tindikali ya nitriki. Mitutu mingi ya kale, hasa ile iliyosukwa kwa vipande vya chuma na feleji, ilijaribiwa kwa baruti nyeusi tu. Neno "baruti" likiachwa peke yake, msomaji atatia risasi za siku hizi katika mtutu usiozimudu. Jawabu limo katika mihuri iliyopigwa chini ya mitutu, kama ile ya nyumba ya majaribio ya Birmingham, iliyoanzishwa kwa sheria mwaka 1813.

Kosa la pili ni "risasi" kutumika kwa kitu kizima na kwa punje zake. Urefu wa ganda hupimwa likiwa limekwisha kufyatuliwa na kukunjuka. Kwa hiyo ganda la milimita 70 huweza kuingia bila taabu katika chumba cha milimita 65, kisha mdomo wake ukakosa nafasi ya kufunguka, na msukumo ukazidi.

Kosa la tatu ni namba 12 kufasiriwa kuwa milimita 12. Namba hiyo ni hesabu ya vitufe vya risasi, vyenye upana wa tundu la mtutu, vinavyotimiza ratili moja. Upana wenyewe ni kama milimita 18.5. Ndiyo maana namba 20 ni nyembamba kuliko namba 12.

Utaratibu wa ukaguzi ni mfupi. Mwenye bunduki, akiwa na kibali chake, ahakikishe kwanza kwamba vyumba vyote viwili ni vitupu. Aondoe mitutu, aining'inize na kuigonga taratibu kwa kijiti: mlio wa kengele huonyesha kuwa maungio ni mazima, lakini si ushahidi wa nguvu ya chuma. Atazame mashimo ya kutu ndani. Tako alipake mafuta ya kitani. Asipitishe msasa juu ya mihuri, kwani akiifuta amefuta ushahidi. Unene wa mtutu upimwe na fundi wa bunduki, na kabla ya hapo asifyatue.

Tunapendekeza basi:

Mtutu: bomba la chuma.
Kasiba: uwazi ulio ndani ya mtutu.
Chumba: mahali pa kuwekea risasi.
Ganda: kifuko cha risasi.
Marisau: punje zirukazo.
Fataki: kiwashio kilicho kitakoni mwa ganda.
Baruti nyeusi na baruti isiyo na moshi: kamwe si "baruti" peke yake.

Karibu maneno yote haya tulikuwa nayo tangu zama za gobori. Lililopungua ni mpaka kati ya neno na neno. Mfasiri anayeuweka mpaka huo hapambi lugha tu; anamlinda msomaji asiyemjua.