Mshahara na Motisha: Historia Fupi ya Migomo katika Shule na Vyuo vya Kongo

Neno «mshahara» lilikuja katika Kiswahili kutoka Kiarabu, na katika mzizi wake limo neno lenye maana ya mwezi. Kwa asili, basi, mshahara ni malipo yafikayo kila mwezi, nayo ni haki ya mfanyakazi na deni la mwajiri. «Motisha» ni jambo lingine: ni kitu anachopewa mtu ili apate moyo wa kufanya kazi. Katika makala haya tunakusudia kuonyesha jinsi shule za nchi yetu zilivyohama kutoka neno la kwanza hadi la pili, na kwa nini uhamaji huo haukuimaliza migomo.

Tuanze na wanafunzi, kwa kuwa ndio waliotangulia kuonja jibu la serikali. Tarehe 4 Juni 1969, wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Lovanium waliandamana mjini Kinshasa. Walidai nyongeza ya posho ya masomo na nafasi ya kushiriki katika uendeshaji wa chuo chao. Askari waliwafyatulia risasi, na idadi ya waliokufa inabishaniwa hata leo. Viongozi wao walishtakiwa na kufungwa, kisha wakasamehewa. Juni 1971, wenzao walipotaka kuwakumbuka marehemu hao, chuo kilifungwa na wanafunzi wakaandikishwa jeshini. Miezi michache baadaye, vyuo vikuu vitatu vya Kinshasa, Lubumbashi na Kisangani viliunganishwa kuwa Chuo Kikuu cha Taifa cha Zaire, chini ya mkono mmoja wa dola. Hivyo malalamiko yaliyohusu posho na madaraka yalijibiwa kwa risasi, kwa magwanda ya kijeshi, na kwa sheria.

Muungano huo ulivunjwa mwaka 1981, lakini desturi ya kujibu kwa nguvu haikuvunjika. Tarehe 24 Aprili 1990 Rais Mobutu alitangaza mwisho wa utawala wa chama kimoja. Wanafunzi wa Lubumbashi, kama wenzao wa miji mingine, waliyapokea maneno hayo kwa vitendo: waliandamana, na wakawageukia wale waliowashuku kuwa wapelelezi wa serikali kati yao. Usiku wa tarehe 11 kuamkia 12 Mei 1990, watu wenye silaha waliingia katika mabweni ya chuo. Serikali ilikiri kifo kimoja. Wengine walihesabu makumi na zaidi. Ubelgiji ilisimamisha ushirikiano wake na Zaire, na jina la Lubumbashi likasikika duniani kote kwa sababu ya huzuni.

Kwa upande wa walimu wa shule za msingi na sekondari, mambo yalikwenda kwa njia nyingine. Mwishoni mwa mwaka 1974 serikali ilizichukua shule za makanisa. Kazi hiyo ilimshinda, na Februari 1977 ilitia sahihi mapatano na makanisa ya Kikatoliki, ya Kiprotestanti na ya Kikimbangu: makanisa yaendeshe shule, serikali iweke mipango ya masomo na kuwalipa walimu. Katika mapatano hayo, kila upande ulijua mzigo wake. Lakini katika miaka ya 1980 uchumi ulizidi kudhoofika, na mshahara wa mwalimu ukayeyuka mkononi mwake. Ilipofika Oktoba 1993, sarafu mpya ilitolewa ambayo zaire moja yake ilikuwa sawa na zaire milioni tatu za zamani. Mtu aliyengoja mshahara katika mazingira hayo alikuwa akingoja karatasi.

Ndipo migomo ya mwanzoni mwa miaka ya 1990 ilipofunga shule kwa muda mrefu. Dhidi ya walimu serikali haikuhitaji bunduki, ilinyamaza tu. Ukimya huo uliwatisha wazazi kuliko mtu yeyote, maana walioona umri wa watoto ukipita bila masomo ni wao. Kwa ushauri wa maaskofu Wakatoliki, wazazi walikubali kuchanga fedha za kuwapa walimu motisha hadi serikali itakapopata nguvu tena. Shule zilifunguliwa, na haifai kuudharau uamuzi huo: bila wazazi, kizazi kizima kingekosa kalamu.

Hata hivyo, kilichokusudiwa kuwa cha muda kiligeuka kuwa desturi. Juu ya ile ada ndogo ya serikali tunayoiita minervali, yalirundikana malipo mengine, na sehemu yake ilipanda kutoka shuleni hadi katika ofisi za usimamizi. Vyuo vikuu navyo vilifuata njia hiyohiyo. Mwanafunzi asiyelipa alifukuzwa darasani. Na aliyelazimika kumfukuza mara nyingi ni mwalimu yuleyule aliyetegemea fedha hizo kununua unga. Hapo ndipo ugomvi ulipobadilisha uso. Awali ulikuwa kati ya mwalimu na mwajiri wake; sasa ukawa kati ya mwalimu na mzazi, yaani kati ya maskini wawili. Mdaiwa halisi alikuwa ameondoka barazani bila kuulizwa.

Katiba ya mwaka 2006, katika kifungu cha 43, ilitamka kwamba elimu ya msingi katika shule za umma ni ya lazima na ya bure. Utekelezaji wake ulianza Septemba 2019. Watoto walifurika madarasani, jambo la kufurahisha. Lakini motisha ya wazazi ilipoondolewa katika shule za msingi, deni la zamani lilionekana tena wazi. Walimu wengi hawakuwa katika orodha ya malipo ya serikali, na walioorodheshwa walilalamika kwamba kiasi hakitoshi. Mwaka 2021 migomo ilizuka mwanzoni mwa mwaka wa shule, hasa katika shule za Kikatoliki, na mapatano yakatafutwa huko Bibwa, Kinshasa. Septemba 2024 walimu waligoma tena.

Je, historia hii inatufunza nini? Mara nyingi mgomo husemwa kana kwamba ni ugonjwa wa walimu au utundu wa vijana. Tulivyoona, kugoma ni kukataa, na anayekataa huwa amekwisha kuombwa jambo lisilo la haki. Risasi za 1969 na 1990 hazikuwajibu wanafunzi, bali ziliwanyamazisha kwa kitambo. Michango ya wazazi haikulilipa deni la serikali, bali ililihamishia katika nyumba za watu wasiokopa. Wahenga walisema dawa ya deni ni kulipa. Nao hawakusema alipe jirani.