Kambi ya Bukaleba na Vibanda vya Askari wa Kisudani



Ndugu wasomaji, wakati wa likizo tuliwachukua vijana wetu wa madrasa kutoka Mbale, tukakutana na wenzao wa Jinja, tukaenda kupiga kambi katika msitu wa Bukaleba, wilaya ya Mayuge, kando ya Ziwa Victoria. Baada ya swala ya Isha tulikaa kuuzunguka moto, na kijana mmoja akauliza: "Ustadhi, kabla yetu nani alilala hapa?"

Swali zuri. Hapa, katika nchi ya chifu Luba, palikuwa na boma la Waingereza. Walinzi wake walikuwa askari wa Kisudani, Waislamu, mabaki ya jeshi la Emin Pasha waliochukuliwa na Lugard mwaka 1891 karibu na Ziwa Albert. Vibanda vya miti na nyasi havidumu, lakini habari zao zimebaki.

Mwaka 1897 askari hao walichoka. Mshahara ulikuwa mdogo, ukicheleweshwa kwa miezi, na mara nyingi walilipwa vitambaa badala ya fedha. Walikuwa wametoka vitani, wakaamriwa safari nyingine ndefu bila wake na watoto wao. Mwezi wa Septemba wakaasi huko Eldama Ravine, wakarudi mpaka hapa, na wenzao wa bomani wakajiunga nao. Meja Thruston, aliyejua Kiarabu na kuwaamini, aliwaendea ili awatulize. Wakamkamata, na baada ya mapigano ya tarehe 19 Oktoba wakamwua pamoja na Waingereza wengine wawili. Walizingirwa mpaka Januari 1898, wakatoroka, na mwezi uliofuata wakashindwa Kabagambe, upande wa Ziwa Kyoga.

Vijana wakabishana: walikuwa na haki au hawakuwa nayo? Tukawaambia, dai lao lilikuwa la haki, maana Mtume (s.a.w.) ametuagiza tusimcheleweshee mfanyakazi ujira wake. Lakini kumwua mateka aliyewajia kwa kuwaamini ni dhuluma, na dhuluma haiondolewi kwa dhuluma.

Wazao wa askari wa Kisudani, ndugu zetu Wanubi, wametajwa katika Katiba ya Uganda ya 1995 miongoni mwa jamii za nchi hii.

Basi wazazi, tujiulize usiku wa leo: msichana anayetupikia na kijana anayetulimia shamba, tumewalipa?

Wabillahi tawfiq.