Maji ya Ardhini na Misingi ya Majengo Upanga
Upanga imekaa kati ya Bahari ya Hindi na bonde la Mto Msimbazi, juu ya mchanga ambao maji yake hayako mbali na uso wa ardhi. Nyumba za ghorofa chache za miaka ya 1950 hazikuhitaji kuchimba hadi kwenye maji hayo. Maghorofa marefu yenye maegesho chini ya ardhi yalibadili hali: shimo hukaushwa kwa pampu, maji hushuka hata chini ya kiwanja cha jirani, na mchanga ukifuatana nayo, nyumba yake hutitia. Jengo lilipoporomoka katika Kariakoo iliyo karibu, tarehe 16 Novemba 2024, Serikali iliunda kamati ya kukagua majengo yaliyokwisha kusimama. Historia ya Upanga yaonesha kuwa ukaguzi hauna budi kuanzia shimoni.