Utamu wa Kimea

Kiwanda cha sukari cha Kilombero kilianza kazi mwanzoni mwa miaka ya 1960, na barabara kuu ya kwenda Zambia ikajengwa kupitia Iringa na Mbeya kati ya 1968 na 1973. Lakini Nyanda za Juu Kusini hazikungoja lori la sukari ndipo zijue kitu kitamu. Kulikuwa na asali, miwa, ndizi mbivu za Rungwe, na ulanzi mbichi wa Iringa, unaogemwa kwenye chipukizi la mwanzi na kunywewa kabla haujachacha. Juu ya vyote hivyo mimi naiweka togwa, kwa kuwa utamu wake haurinwi wala haugemwi. Unatengenezwa jikoni.

Ulezi unalowekwa, unafunikwa na unyevu wake mpaka uote, kisha unaanikwa na kusagwa. Hicho ndicho kimea. Uji mzito wa mahindi unaepuliwa, unaachwa upoe hadi uwe vuguvugu, ndipo kimea kinakorogwa ndani. Mwiko uliokuwa ukisukumwa kwa nguvu unaanza kwenda wenyewe: uji umelegea, na ukionja, umekuwa mtamu bila hata chembe ya sukari. Vimeng'enya vya nafaka iliyoota vimeukata wanga kuwa sukari. Uji ukiwa wa moto mno vinaharibika, na togwa haishiki utamu. Bibi zetu hawakuwa na kipimajoto, walichovya kidole.

Wataalamu wa Taasisi ya Chakula na Lishe Tanzania, iliyoundwa 1973, walikichunguza kimea hicho hicho katika miaka ya 1980 kwa ajili ya watoto wanaoanza kula. Tumbo la mtoto ni dogo. Uji mwepesi wa kawaida ni maji mengi na unga kidogo. Uliotiwa kimea unabaki mwepesi hata unga ukiongezwa. Maarifa ya mtungini yalikuwa na uzito mkubwa kuliko tulioyapa.

Hata Vietnam wanaujua utamu huu: mkoa wa Quảng Ngãi unasifika kwa mạch nha. Mpunga ulioota unachanganywa na wali wa kunata, maji yake yanakamuliwa na kuchemshwa mpaka yawe mazito kama asali. Kazi ni ile ile ya kimea. Wao wanaendelea tu kuchochea moto.

Siku hizi chai ya asubuhi katika stendi za Mbeya na Iringa inakwenda na kitumbua, mgeni wa kutoka pwani. Nazi na hiliki zimepanda milima pamoja naye, ila mchele ameukuta huku huku, Kyela na Usangu, na si ajabu kwamba amezoea haraka. Togwa imebaki zaidi kwenye harusi na sherehe za vijijini. Ningependa kuiona stendini pia, ikiuzwa ikiwa bado tamu, kwenye meza ile ile ya vitumbua.