Sikukuu ya Mtakatifu Daudi wa Welisi

Kila tarehe 1 Machi watu wa Welisi, nchi ya milima iliyo magharibi ya Uingereza, humkumbuka Mtakatifu Daudi, ambaye wao humwita Dewi Sant. Alikuwa mkuu wa watawa katika karne ya 6. Habari zake twazipata hasa kwa Rhygyfarch, aliyeziandika yapata miaka 500 baadaye; kwa hiyo yatupasa kuzipokea kwa uangalifu. Yeye asimulia kwamba Daudi na watawa wake walivuta plau wenyewe pasipo ng'ombe, wakala mkate na mboga na chumvi, wakanywa maji. Nasi twaona ajabu kidogo kwamba mtu aliyejinyima namna hii akumbukwa kwa karamu!

Chakula kikuu cha siku hiyo ni cawl, mchuzi wa nyama ya kondoo, viazi na liki. Liki ni jamaa ya kitunguu, lakini shina lake ni refu na jeupe, na majani yake ni mapana. Mchuzi huo hupikwa polepole, na wapishi wengi husema huwa mtamu zaidi ukilala hata kesho yake. Tena kuna bara brith, yaani mkate wenye madoadoa, ambao zabibu zake kavu hulowekwa kwanza katika chai. Liki yenyewe huvaliwa kifuani, na Shakespeare aliitaja desturi hiyo katika mchezo wake wa Henry V. Wengine huvaa ua la manjano ambalo kwa Kiwelisi huitwa liki ya Petro.

Lakini sisi walimu twatazama zaidi shuleni. Siku hiyo watoto huvaa mavazi ya kale, wakaimba na kushindana kwa mashairi katika Kiwelisi. Katika karne ya 19 shule kadha wa kadha za huko zilimtundikia shingoni kipande cha mti mtoto aliyesema lugha ya mama yake. Naye alimvizia mwenziwe apate kumpa, na aliyekutwa nacho jioni alipigwa. Wako wasomaji wetu wa Kenya wanaokijua vema kibao cha namna hiyo. Kiwelisi kilipata kimbilio makanisani, kwa maana Biblia nzima, kazi ya William Morgan, ilikwisha kupigwa chapa mwaka 1588.

Mwaka 2000 baraza lao la Cardiff liliomba siku hiyo iwe ya mapumziko kwa wote, lakini serikali ya London haikukubali. Basi watoto huenda shuleni na liki zao vifuani, na wavulana wengine huzitafuna mbichi kabla ya kurudi nyumbani.