Umeme Unapokatika kwa Dhoruba: Waya Ulioanguka Bado ni Hatari

Kimbunga Hidaya kilipoufikia mwambao wa Tanzania karibu na Kisiwa cha Mafia, Mei 4, 2024, Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania (TMA) ilikuwa imekwishatoa tahadhari. Vimbunga vya namna hiyo ni nadra nchini. Upepo mkali wa misimu ya masika na vuli si nadra, nao hutosha kuangusha miti juu ya njia za umeme.

Mti unapoangukia nyaya, vifaa vya kinga katika kituo cha kupozea umeme hukata mkondo, na mtaa mzima huingia gizani. Hapo ndipo wengi hudhani kuwa hatari imekwisha. Waya uliolala juu ya mchanga mkavu au lami huweza kuendelea kubeba umeme bila kifaa cha kinga kuhisi hitilafu. Na hata ukizimika, umeme huweza kurejeshwa wakati wowote. Njia nyingi za usambazaji hubeba volti 11,000 au 33,000, na ardhi inayouzunguka waya nayo huwa na umeme. Wananchi wanashauriwa kukaa umbali wa mita 10 au zaidi na kuwazuia watoto. Aliyejikuta karibu aondoke kwa hatua fupi, akiburuza nyayo bila kuziinua. Aliyenaswa asiguswe, hata kwa mti, kwa kuwa mti mbichi au uliolowa hupitisha umeme.

Jenereta nalo lina hatari isiyofahamika vya kutosha. Likichomekwa kwenye soketi ya nyumba pasipo swichi ya kutenganisha nyumba na gridi, umeme wake hurudi hadi kwenye transfoma, hupandishwa kufikia maelfu ya volti, na huweza kumuua fundi aliye juu ya nguzo akiamini kuwa njia imezimwa. Moshi wake una kaboni monoksidi, hewa isiyo na rangi wala harufu, inayoua mtu usingizini. Jiko la mkaa ndani ya chumba kilichofungwa hutoa hewa hiyo hiyo. Jenereta likae nje, mbali na milango na madirisha. Baraza iliyo chini ya dirisha haihesabiwi kuwa nje.

Maji yakikaribia kuingia ndani, swichi kuu izimwe mapema. Yakishaingia, asiiguse mtu aliyesimama majini. Umeme usiwashwe tena kabla fundi mwenye leseni ya EWURA hajakagua nyaya. Kibatari na mshumaa viwekwe mbali na chandarua, ingawa tochi ni bora zaidi. Friji lisipofunguliwa hutunza ubaridi kwa takribani saa 4.

Taarifa za nyaya au nguzo zilizoanguka zitolewe TANESCO kwa namba 180, na za moto kwa Jeshi la Zimamoto na Uokoaji, namba 114. Mtoa taarifa ataje mtaa na jengo au alama inayojulikana iliyo karibu, kisha abaki mbali na eneo hilo akiwazuia wapita njia hadi mafundi wafike.